Maradhi ya Parkinson: Cha Kujua, Wakati wa Kukijua na wa Kumuuliza (Mwongozo kwa Wagonjwa na Jamaa wa Unguja na Pemba)

Mtu anapoambiwa hospitali kwamba ana maradhi ya Parkinson, mara nyingi huondoka na karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi na jina ambalo hajawahi kulisikia. Masuala humjia akiwa ameshafika nyumbani, na wanaoyajibu ni jirani, simu ya mtoto na muuzaji wa duka la dawa, kila mmoja kwa namna yake. Mwongozo huu unayapanga masuala hayo kwa utaratibu wa jinsi yanavyohitajika, kwa sababu tatizo la wagonjwa wengi si kukosa habari peke yake, bali ni kuletewa nyingi kwa mkupuo, zisizo za wakati wake, huku ile moja inayohitajika wiki hii ikiwa haimo. Haukukusudiwa kuchukua nafasi ya daktari. Umekusudiwa kumfanya mgonjwa aende kwa daktari akiwa na la kusema na arudi akiwa na alichokifuata.

Hatua ya 1: Habari iwe ya mwenye maradhi kwanza

Katika nyumba nyingi za kwetu mzee huingia kwa daktari pamoja na mwanawe, na daktari huzungumza na mwana. Mzee hukaa kimya, kisha njiani huambiwa kwamba "ni mishipa tu". Nia huwa ni huruma, lakini matokeo yake ni kwamba mtu atakayemeza vidonge mara tatu au nne kwa siku, kwa miaka mingi, hajui anavimezea nini, na siku mkono utakapotulia ataviacha akidhani amepona. Kwa rai yangu hakuna kosa la mwanzo lenye gharama kubwa kuliko hili. Kwa hiyo, kabla ya kuingia kwa daktari, jamaa wamuulize mgonjwa mwenyewe mambo mawili: iwapo anataka kuambiwa yote leo au kidogo kidogo, na nani anampa ruhusa ya kusikia pamoja naye. Wapo wasiotaka kujua ya miaka kumi ijayo, na hiyo ni haki yao. Lakini jina la maradhi, kazi ya dawa na saa za kuimeza ni mambo ambayo mgonjwa mwenye akili timamu hafai kufichwa.

Aliyepewa ruhusa awe mmoja, au wakizidi wawe wawili. Habari inayopita kwa wana watano, ambao kila mmoja amemsikia daktari siku yake, hufika nyumbani ikiwa na sura tano.

Hatua ya 2: Kuyajua maradhi yenyewe na namna yalivyotambuliwa

Parkinson ni maradhi ya ubongo yanayokwenda polepole. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huusaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila ya kukwama. Seli hizo zinapokufa kidogo kidogo dopamini hupungua, na dalili huanza kuonekana. Daktari Mwingereza James Parkinson aliyaeleza mwaka 1817, na tarehe 11 Aprili, aliyozaliwa, ndiyo Siku ya Parkinson Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nayo. Hayaambukizi kwa kula sinia moja wala kwa kulala chumba kimoja, na kwa wagonjwa walio wengi si ya kurithi. Aghalabu huanza baada ya miaka 60, ingawa si kwa kila mtu: bondia Muhammad Ali alitambuliwa kuwa nayo mwaka 1984, akiwa na miaka 42.

Dalili kuu ni tatu: mwili kuwa mzito, yaani kila tendo kufanyika polepole na kwa udogo, viungo kukakamaa, na mtetemo wa mkono au mguu unaoonekana zaidi kiungo kinapokuwa kimepumzika. Kwa kawaida huanzia upande mmoja. Wapo wasiotetemeka kabisa, na hao ndio wanaochelewa kutambuliwa, kwa kuwa watu huona ni uzee. Kwetu dalili hizi huonekana kwanza kazini kabla ya kuonekana hospitali: kwa mshona kofia ambaye sindano imeanza kumchelewa na viua vyake havilingani tena, kwa mama anayechambua karafuu ambaye mkono mmoja unabaki nyuma ya mwenziwe, kwa mwalimu wa chuoni ambaye mstari wake ubaoni huanza kwa herufi kubwa na kumalizika kwa ndogo, au kwa muadhini ambaye watu wanamwambia asogeze kipaza sauti. Mambo ya namna hiyo yasemwe kwa daktari kama yalivyo, bila ya kuyafupisha kuwa "mwili hauna nguvu", kwa sababu yanamwambia mengi zaidi.

Suala linalozusha ugomvi mkubwa ni la vipimo. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachothibitisha Parkinson. Daktari huitambua kwa kusikiliza historia, kumwangalia mgonjwa akitembea, akigeuka na akifungua na kufumba vidole, na baadaye kwa kuona namna mwili unavyoitikia dawa. Picha ya CT ya kichwa husaidia kuondoa shaka ya mambo mengine, kama vile kiharusi, uvimbe au maji katika ubongo. Kwa mwenye Parkinson mara nyingi hutoka haina kasoro. Jamaa waliouza kitu ili kulipia picha, kisha wakaambiwa iko sawa, huona daktari amekosea au mzee anajifanya. Hakuna aliyekosea wala anayejifanya. Bora jambo hili liulizwe kabla ya kulipa: picha hii inatafuta nini, na ikitoka safi tutakuwa tumejua nini?

Masuala mengine mawili yaulizwe katika hatua hii. La kwanza ni iwapo dalili zinaweza kuwa zimeletwa na dawa ambayo mgonjwa alikuwa akiitumia, jambo linalotokea kweli na ambalo wakati mwingine huondoka dawa ikibadilishwa. La pili ni iwapo mtetemo huo unaweza kuwa wa aina nyingine, kwa sababu upo mtetemo wa mikono unaotokea mtu anaposhika kikombe au kalamu, ambao si Parkinson na matibabu yake ni mengine. Mgonjwa asione haya kwamba alichelewa kutambuliwa. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ni maradhi gani yanayowasumbua.

Hatua ya 3: Kuweka daftari

Daktari humuona mgonjwa kwa dakika chache, tena kwa saa moja tu ya siku, ilhali Parkinson hubadilika saa kwa saa. Mtu anaweza kuingia kliniki akitembea vizuri kwa sababu amemeza dawa muda si mrefu, na daktari akaandika kwamba hali ni nzuri, wakati nyumbani kila alasiri hawezi kunyanyuka kwenye kiti. Kwa hivyo habari ambayo daktari anaihitaji kuliko zote iko nyumbani, na mwenye kuileta ni mgonjwa.

Daftari la skuli linatosha. Si lazima kuandika kila siku, kwani nyumba ikichoka daftari huachwa. Siku tatu kabla ya miadi zinatosha kwa wengi. Mfano wa siku moja ni huu: saa 12 asubuhi amemeza kidonge kwa maji, saa 1 kasorobo mwili umefunguka, amefunga vifungo mwenyewe, saa 4 mguu wa kushoto umeanza kuburura, saa 5 kidonge cha pili, saa 7 amekula wali na pweza, saa 8 kidonge cha tatu, lakini mwili haukufunguka mpaka baada ya alasiri. Mistari sita ya namna hiyo humuonyesha daktari mambo mawili ambayo mgonjwa asingeweza kuyaeleza kwa mdomo: dozi ya asubuhi inaisha nguvu kabla ya wakati wa inayofuata, na chakula cha mchana kinaizuia ile ya tatu. Mtoto wa nyumbani akiwekwa kazi ya kutega kengele ya simu, aoneshwe kwanza kwamba simu inahesabu kwa saa za kizungu. Kosa hilo la saa sita linatokea zaidi kuliko tunavyokubali.

Kwa mambo yanayokuja na kuondoka, kama vile miguu kuganda mlangoni au mwili kujinyonganyonga bila ya hiari, video fupi ya simu, iliyopigwa kwa ridhaa ya mgonjwa, inafaa kuliko maelezo marefu. Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa masuala, na yasizidi matatu kwa safari moja. Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kumuuliza daktari ni kumshuku, kwa hiyo kuna njia yenye adabu: baada ya salamu, kabla hajaanza kuandika, mgonjwa aseme, "Daktari, nimeandika masuala matatu nisije nikayasahau, nakuomba uniruhusu niyasome." Masuala yanayotolewa mwishoni, mkono ukiwa mlangoni, hujibiwa kwa neno moja.

Hatua ya 4: Kuijua dawa

Dawa kuu ni levodopa, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini. Huchanganywa na karbidopa ili isigeuke kabla ya kufika ubongoni na ili ipunguze kichefuchefu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inapunguza dalili, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa mno, lakini haiponeshi maradhi wala haijathibitishwa kuyasimamisha. Mgonjwa aambiwe hivyo mapema, kwa sababu anayetarajia kupona huihama dawa nzuri akitafuta ile ya kumponesha.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kusoma boksi. Kidonge huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 250 na 25, au 100 na 25. Tarakimu kubwa ndiyo kiasi cha levodopa kwa miligramu. Baadhi ya viwanda huanza na kubwa na vingine huanza na ndogo, hivyo 100/25 na 25/100 ni kitu kimoja, lakini 100/25 na 250/25 si kitu kimoja hata kidogo. Anayeletewa dawa na jamaa kutoka Dar es Salaam alinganishe boksi jipya na la zamani kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na zikitofautiana asianze kukata nusu kwa kukisia bali aulize. Aangalie pia kama kidonge ni cha kawaida au ni cha kutoa dawa polepole, kwani hicho cha pili hakitwangwi wala hakitafunwi.

Jambo la pili ni chakula. Levodopa hugombania njia ya kupita na protini, nasi ni watu wa samaki, pweza, dagaa na maharage. Ushauri wa kawaida ni kumeza dawa kwa maji kiasi cha nusu saa au zaidi kabla ya kula, au saa moja hivi baada ya kula. Hii haina maana ya kumnyima mgonjwa samaki; mwenye Parkinson hupungua mwili kwa urahisi na anahitaji kula vizuri. Ikiwa dawa inamchafua roho siku za mwanzo, aimeze na kitu chepesi kama kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, si na maziwa. Vidonge vya madini ya chuma navyo huzuia levodopa na hutenganishwa nayo kwa saa mbili au zaidi.

Jambo la tatu, nalo ni la hatari: dawa hii haikatwi ghafla. Anayeiacha kwa mara moja baada ya kuitumia kwa muda anaweza kukakamaa vibaya, kupata homa kali na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Basi habari ya kutafuta kabla ya zote, kwa anayekaa Pemba hasa, ni ya akiba: dawa inapatikana wapi, inamalizika tarehe ngapi, na boti zikisimama kwa sababu ya upepo itakuwaje. Kuagiza kunaanza wakati zimebaki za wiki mbili. Mgonjwa anayepunguza dozi ili vidonge vifike mwisho wa mwezi amwambie daktari ukweli huo bila ya kuona aibu, kwa kuwa daktari asiyejua ataona dawa imeshindwa naye ataongeza nyingine juu yake.

Kuna dogo ambalo halisemwi: levodopa inaweza kuufanya mkojo, jasho na mate kuwa na rangi nyeusi au nyekundu nyekundu, na kanzu nyeupe kupata madoa. Si damu na si dalili ya figo.

Baadhi ya wagonjwa hupewa triheksifenidili, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayosaidia mtetemo. Kwa wazee huweza kuleta usahaulifu, kuchanganyikiwa, kufunga choo na shida ya kukojoa. Mzee aliyeanza kusema mambo yasiyoeleweka wiki chache baada ya kuanzishiwa vidonge vipya arudishwe hospitali pamoja na vidonge hivyo kabla ya kupelekwa mahali pengine popote.

Hatua ya 5: Kujua dawa zinazoyachochea maradhi

Habari hii ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Zipo dawa zinazoizuia dopamini ifanye kazi yake, na mwenye Parkinson akizitumia huzidiwa. Mashuhuri ni metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa kutapika. Haloperidoli na klopromazini, zinazotolewa kwa fadhaa na maradhi ya akili. Na prokloperazini, ya kichefuchefu na kizunguzungu. Sinarizini, ambayo watu wengi huimeza kwa ajili ya kizunguzungu na kwa safari za baharini, nayo ni katika zinazojulikana kuleta au kuzidisha dalili za Parkinson, hasa ikitumiwa kwa muda mrefu. Kwa anayevuka kwenda Mkoani au Dar es Salaam mara kwa mara hili si jambo la mbali: kidonge kinachogawiwa botini kwa wema kinaweza kuwa mojawapo ya hizo. Suala la kumuuliza daktari ni hili: nikitapika au nikisafiri kwa boti, ni dawa gani iliyo salama kwangu? Mara nyingi jibu huwa domperidoni, lakini nayo ina masharti kwa wenye maradhi ya moyo, kwa hiyo ni daktari anayeiamua.

Majina hayo yaandikwe kwenye karatasi kwa tahajia ya hospitali, na karatasi ioneshwe kila duka la dawa na kila anapolazwa, hata kama amelazwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa.

Hatua ya 6: Kuuliza yale yanayoonewa haya

Watu hudhani Parkinson ni ya mikono na miguu. Ukweli ni kwamba mambo yanayowatesa wengi hayaonekani kwa macho: kufunga choo, ambako huweza kuanza miaka kabla ya mtetemo, kupoteza hisia ya kunusa, mpaka mtu hajui kama vitunguu vimeungua, kupiga kelele na kurusha ngumi usingizini, mate kutiririka, mkojo wa haraka, udhaifu wa tendo la ndoa, na huzuni nzito isiyoondoka. Daktari asipoambiwa hatauliza yote, na mgonjwa asipojua kwamba yanahusika hatayasema. Huzuni hasa ielezwe, kwa kuwa hapa kwetu mtu aliyenyamaza na kujitenga huambiwa azidishe imani, hali ya kuwa upungufu ule ule wa kemikali za ubongo unaweza kuwa ndio uliomfikisha hapo, na huzuni hiyo ina matibabu. Uso wa mgonjwa nao hukakamaa na kupoteza ishara, hata wajukuu wakadhani amewakasirikia. Hili waelezwe wote waliomo nyumbani.

Mawili yanahitaji kusemwa wazi zaidi. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuona watu wadogo, watoto au wanyama chumbani, hasa usiku. Nyumba nyingi hulipeleka jambo hili moja kwa moja kwenye majini. Kisomo na dua havigombani na matibabu, na asiyetaka kuviacha asiviache. Lakini daktari aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa dozi ya dawa, au maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mzee huweza kuuchanganya ubongo bila hata ya homa kubwa. La pili ni tabia mpya ya kutumia fedha ovyo, kucheza kamari, kula bila ya kiasi au hamu ya tendo la ndoa kupita mipaka. Hutokea zaidi kwa wanaotumia dawa nyingine za Parkinson, za kundi la pramipeksoli na ropiniroli, zinazoiga kazi ya dopamini. Mke anayeona mabadiliko hayo kwa mume aliyekuwa mtulivu miaka yote asiyabebe peke yake kwa ajili ya sitara. Ni athari ya dawa inayojulikana, na ikirekebishwa mara nyingi huondoka.

Hatua ya 7: Kupanga Ramadhani na ibada mapema

Suala la saumu liulizwe mwezi wa Rajabu au Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Anayemeza levodopa mara mbili kwa siku, daktari anaweza kuona njia ya kuzisogeza dozi kwenye futari na daku. Anayemeza mara nne au tano, ambaye mwili wake hujifunga kila baada ya saa chache, kufunga kutwa kuna maana ya kuacha dozi za mchana, kuganda, kuanguka na kushindwa kumeza hata maji ya futari. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na kwa mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona sheikh wa msikiti anaweza kumueleza hukumu ya fidia. Ninachoshauri ni masuala hayo mawili yasichanganywe: daktari aulizwe mwili utahimili nini, na sheikh aulizwe hukumu yake ni ipi, tena aelezwe kwanza alichosema daktari. Mgonjwa anayefunga kwa siri na anayeacha dawa kwa siri wote wawili wapo, na wote hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa.

Katika swala, kuinuka haraka kutoka kwenye sijda kunaweza kuleta kizunguzungu, kwa sababu maradhi na dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Kuswali kwenye kiti kunapunguza hatari hiyo.

Hatua ya 8: Nyumba na mwili

Mazoezi si nyongeza ya matibabu bali ni sehemu yake. Kutembea kwa hatua ndefu asubuhi dawa ikiwa inafanya kazi, kusoma Kurani kwa sauti kubwa ili kuinyoosha sauti, na kunyoosha viungo kila siku ni mambo ambayo hayahitaji fedha. Uwanja wa Maisara au barabara tambarare ni bora kuliko mchanga wa pwani, unaomeza mguu. Miguu ikiganda mlangoni asivutwe mkono; asimame, apumue, ahesabu moja mbili tatu kisha apige hatua kubwa, au aweke macho kwenye mstari wa sakafu na auvuke. Ncha za mikeka na mazulia ziondolewe njiani, na chooni pawekwe cha kushika. Akianza kupaliwa na maji au chai mara kwa mara, daktari aambiwe, na vidonge vimezwe akiwa amekaa wima. Mtaalamu wa fiziotherapia aulizwe mazoezi mawili matatu ya kufanya nyumbani, si orodha ndefu isiyofuatwa.

Hatua ya 9: Kuipima habari ya simuni na ya barazani

Kila habari mpya ipitishwe kwenye masuala manne: nani kaisema, anauza nini, inaahidi nini, na je, inanitaka niache dawa yangu? Habari inayoahidi kuponesha Parkinson haina ukweli mpaka leo, hata ikiwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Ipo operesheni ya kuweka nyaya ndani ya ubongo, inayofanywa katika nchi kadhaa, ambayo huwasaidia baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Nayo pia haiponeshi.

Mfano mgumu zaidi ni wa upupu, kwa kuwa ndani yake mna kweli. Mbegu za mmea huu unaowasha zina levodopa ya asili, na si uzushi. Tatizo ni kwamba kiasi chake hakilingani baina ya mbegu na mbegu, hauna karbidopa, na anayeukoroga juu ya vidonge vya hospitali hajui amemeza kiasi gani. Anaweza kutapika, kuangusha shinikizo la damu au kuona mambo yasiyokuwepo. Anayetumia dawa yoyote ya miti shamba amwambie daktari jina lake, na daktari mwema hatamfukuza kwa hilo.

Hatua ya 10: Kujua pa kwenda na kuandaa kadi

Kwa Unguja, safari ya rufaa huishia Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwa Pemba zipo hospitali za Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Na kwa baadhi ya mambo mgonjwa hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya kulipa nauli, ipigwe simu au aulizwe mtu wa mapokezi: ni siku gani anapokuwepo daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, au daktari wa maradhi ya ndani anayewaona wagonjwa hawa, na ni karatasi gani za kuja nazo. Mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize kwa jina iwapo levodopa na karbidopa zimo katika dawa anazolipiwa. Mzee aliyetimiza miaka 70 na hajaandikishwa katika Pencheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016, aanzie kwa sheha wake. Fedha hiyo kwa baadhi ya nyumba ndiyo nauli ya kliniki.

Wakati mgonjwa bado anazungumza vizuri, aulizwe nani atamsemea sauti ikififia au akili ikichoka, na anataka kuuguzwa wapi. Mazungumzo haya ni mazito, na si lazima yamalizike kwa siku moja.

Mwisho iandikwe kadi ndogo, yenye jina la maradhi, dawa na nguvu yake, saa za kumeza, dawa asizopewa, na simu ya yule aliyepewa ruhusa katika hatua ya kwanza. Nakala moja ikae nyuma ya kava la simu au mfukoni mwa kanzu, au kwenye kipochi kwa mwanamke, na nyingine ibandikwe mlangoni mwa kabati ya dawa. Akilazwa, muuguzi aombwe kwa upole azifuate saa zilizoandikwa hata kama haziwiani na saa za wodi za kugawa dawa. Kila dozi inapobadilishwa iandikwe kadi mpya na ile ya zamani ichanwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa muuguzi wa zamu ya usiku akikuta kadi mbili hatajua aifuate ipi.